Tone la Pili

Mazungumzo na wazazi wa shule ya msingi, ukumbi wa parokia, komuni ya Katuba, Lubumbashi

Jambo yenu, wamama na wapapa. Jambo sana. Naona viti vya mbele vimebaki vitupu kama kanisani, kila mtu amekimbilia nyuma karibu na mlango. Haidhuru. Sauti yangu imezoea kuita majina ya wagonjwa barazani, itawafikia huko huko.

Mkuu wa shule aliponipigia simu alisema, "Papa, uje utuzungumzie habari ya sukari." Nikamuuliza: sukari ya nani, ya wazee au ya watoto? Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia kuna wazazi wawili wa shule hii waliomfuata ofisini, kila mmoja kwa siku yake, kila mmoja akafunga mlango nyuma yake, na wote wakauliza jambo moja. Mtoto amekonda, anakunywa maji hatosheki, jirani kasema huenda ni sukari. Mtoto mdogo hivi, inawezekana? Wazazi hao sitawatafuta kwa macho, mnaona naangalia dirisha. Ila kama mko humu ndani, mengi ya leo ni yenu.

Inawezekana. Mtoto wa miaka 10 anaugua sukari, wa miaka 4 anaugua, hata anayenyonya hutokea. Na ninyi mlioingiwa na wasiwasi hamkukosea. Mlichokosea ni kumpelekea mkuu wa shule, ambaye kazi yake ni hesabu na sarufi. Samahani, Mkuu.

Nimekuwa muuguzi miaka 22. Ningeweza kuanza na mafundisho, lakini naona haki nianze na kosa, na kosa lenyewe ni langu.

Ilikuwa Novemba, mvua zimeshika, maembe yanauzwa kila kona. Binti yangu wa pili alikuwa na miaka 8. Tulichoona kwanza ni maji. Jioni mama yake alikuwa anaweka bidoni ya lita 5 jikoni kwa ajili ya chai ya asubuhi, na alfajiri bidoni iko nyepesi. Tukamlaumu kaka yake. Baada ya wiki moja ikaja habari ya kitanda. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akiwa na miaka 3 akaanza upya, usiku kwa usiku. Nilimwambia, msichana mkubwa hivi, huoni haya? Nilimwambia mbele ya ndugu zake. Hakujibu. Alichukua shuka akaenda kuianika.

Siku hizo mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kasenga. Asubuhi moja akaona sisimizi. Walikuwa wamejipanga kutoka chini ya mwembe, wamepanda nguzo, wakatembea juu ya kamba ya nguo mpaka kwenye doa la shuka. Nguo nyingine zote walizipita bila kusimama. Sasa ninyi mnajua desturi: mama mkwe na mkwewe hawasemezani ovyo. Basi akamtuma mke wangu: mwambie mume wako mkojo wa mtoto huyu una utamu. Ujumbe ukanifikia, nami nikacheka. Bibi hakusoma uuguzi, nimesoma mimi.

Ijumaa mtoto akaanza kutapika. Tumbo linamuuma, mwili una joto, macho yameingia ndani. Nikambeba hadi sentre ya afya nilikokuwa nikifanya kazi wakati ule. Tukamtoboa kidole, tukachukua gutepesi, tone la damu juu ya kioo. Jibu: malaria, msalaba mmoja, yaani vijidudu vichache. Nani hapa hajawahi kupewa msalaba mmoja? Katika mji huu ukiwapima watoto wanaocheza mpira barabarani utaikuta malaria ndani ya baadhi yao, na mpira unaendelea. Lakini mimi nilifurahi. Mgonjwa akishapata jina la ugonjwa, sisi waganga tunapumua. Kwa kuwa alikuwa hashiki kitu tumboni, nikaamua kwinini ya mshipa ndani ya serumu, yale maji ya dripu, ya glukozi, kama tulivyozoea. Mshipa niliutafuta mwenyewe. Serumu niliifungua mwenyewe. Glukozi ni sukari, wazazi wangu. Mtoto alikuwa anazama katika sukari, nami nimesimama ukingoni namwagia nyingine.

Usiku akaanza kupumua vibaya. Si ile pumzi fupi ya nimonia. Alikuwa anavuta kwa kina na haraka, kama mtu aliyepanda mlima mbio, naye amelala chali hajainua hata mkono. Mdomo wake ulinuka kama matunda yaliyoanza kuchacha, na ndani yake kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha. Saa 10 ya usiku nikampata manseba mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, nikapanda na mtoto katikati yetu, serumu nimeishika juu kwa mkono.

Kule lopitali kulikuwa na mama mmoja wa zamu, muuguzi mzee wa kukaribia kustaafu. Nilimpa karatasi zangu, hakuzitazama. Aliinama juu ya uso wa mtoto, akanusa, akainuka. "Papa, sukari mlipima?" Nikasema ana malaria. "Sikukuuliza malaria." Akachukua kidole kile kile nilichokitoboa mimi mchana, akakiminya, akaweka damu kwenye kijiti cha mashine. Mashine haikutoa nambari. Iliandika herufi mbili, HI, maana yake sukari imepita pale inapoweza kuhesabu. Kwa mashine nyingi hapo ni juu ya 600.

Siku mbili alikuwa hajitambui vizuri. Siku ya tatu aliomba uji. Leo ana miaka 17, na ndiye aliyewapokea mlangoni na kuwaandika majina, kwa hiyo msinisikitikie sana. Yeye ndiye aliyeniruhusu niseme habari ya shuka. Aliweka sharti moja, kwamba na kucheka kwangu niwaeleze pia.

Sasa nataka mrudi pamoja nami mchana wa Ijumaa ile, kwenye kidole. Mtoto wa Lubumbashi hutobolewa kidole kila homa. Damu ikitoka, tone la kwanza linakwenda kwenye kioo kutafuta malaria. Tone linalofuata linafutwa kwa pamba na kutupwa. Mimi nililifuta. Neno langu la leo ni hilo tone la pili, lililobaki kwenye ncha ya kidole, tayari limetoka, mtoto ameshalia tayari. Liwekwe kwenye kijiti cha sukari kabla ya pamba. Jibu linapatikana kwa sekunde chache. Na wewe mzazi ndiye utakayeliomba, kwa maana muuguzi aliyechoka, mwenye foleni ya watoto 40 wenye homa, haoni sukari. Anaona malaria, na mara nyingi yuko sahihi. Usigombane naye. Mwambie tu: "Aksanti kwa malaria. Na sukari yake ni ngapi?" Akisema hakuna mashine, muulize iko wapi iliyo karibu. Hasa akitaka kutundika serumu, muulize kabla ya sindano kuingia.

Mtaniuliza: niombe kipimo hicho kwa kila mtoto mwenye homa? Ningekuwa na vijiti vya kutosha ningesema ndiyo. Lakini omba bila aibu kama homa imekuja baada ya siku au wiki za mambo haya: anakunywa sana, anakojoa sana, anakula na bado anakonda, amechoka hata kucheza hataki. Mtoto aliyekauka kitandani kisha akaanza tena kulowesha, huyo msimsubirie. Kwa mtoto mchanga angalia nepi, inakuwa nzito ajabu, na upele wa fangasi hauponi. Na kama kuna kutapika, tumbo, pumzi ile ya kupanda mlima, au usingizi usioeleweka, hapo si habari ya kuomba miadi Jumatatu. Ni usiku huo huo, lopitali kubwa, siyo sentre.

Kuna mama aliniambia, "Lakini mwanangu hali sukari." Ndipo nilipojua jina la ugonjwa huu linatudanganya. Nieleze kidogo kilichomo ndani, sitachukua muda.

Bukari unaokula, yaani ugali, muhogo, mkate, vyote tumboni vinageuka sukari na kuingia katika damu. Damu inaibeba mpaka kwenye nyama za mwili, lakini haiingii yenyewe. Kuna kiungo nyuma ya tumbo, kongosho, kinachotoa insulini, na insulini ndiyo inayofungulia sukari mlango. Kwa watoto wengi wenye ugonjwa huu kilichotokea ni kwamba kinga ya mwili wenyewe, ile inayopigana na vijidudu, imeshambulia chembe zinazotengeneza insulini na kuzimaliza. Fikirini depo ya unga pale soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Malori yameingia, magunia yamefika darini, mwenye funguo amekufa. Nje watu wanalala njaa. Mtoto anakula na anakonda, kwa kuwa chakula kiko katika damu, hakiko katika mwili. Figo zinajitahidi kumwaga sukari iliyozidi kwa njia ya mkojo, na sukari haitoki peke yake, inavuta maji. Ndiyo mkojo, ndiyo kiu, ndiyo sisimizi wa mama mkwe. Mwili ukikosa sukari unaanza kuchoma mafuta yake, na moshi wa moto huo ni asidi katika damu. Ile pumzi ya kina ni mwili unajaribu kuipuliza nje hiyo asidi.

Mmeona hapo palipo na pipi? Hapana pipi. Haukuja kwa sukre, zile soda, alizokunywa siku ya ubatizo wa mdogo wake. Sukari ya wazee, ya aina ya pili, hiyo ina habari yake na kitambi, na siku hizi tunaikuta kwa vijana wanene pia. Lakini hii ya watoto, aina ya kwanza, hakuna mzazi aliyeileta wala aliyeweza kuizuia. Nasema kwa nguvu kwa sababu nimeona wamama wakirudishwa kwao. "Katika ukoo wetu hakuna sukari, imetoka kwenu." Wapapa, tuache. Watoto wengi wa aina hii hawana hata ndugu mmoja mwenye ugonjwa huo.

Na hauambukizi. Alale na ndugu zake.

Turudi kwenye mashine, kwa maana hapo ndipo wazazi wanapata hofu ya bure au furaha ya bure. Hapa Congo tunahesabu kwa miligramu. Mtoto mwenye afya asubuhi kabla ya kula huwa kati ya 70 na 100 hivi. Akifika 126 au zaidi akiwa na njaa, kipimo kirudiwe siku nyingine kwa mashine ya maabara. Wakati wowote akionekana na 200 na zaidi, pamoja na kiu na mkojo niliosema, basi jibu limeshapatikana, hakuna cha kurudia, mtoto anakwenda lopitali leo. Mtoto asiye na dalili lakini ana homa kali, amepatikana na 160, msianze kulia. Ugonjwa mkali wowote unaweza kupandisha sukari kwa muda. Anapimwa tena akishapona.

Kuna mama alikuja kwangu Desemba moja mbio, kanga inaburuzika, mtoto 310. Nikamtazama mtoto: mnene, anacheka, kinywa cha njano. Ameshika embe. Nikamwosha mikono kwa sabuni, nikaikausha vizuri, nikapima tena: 94. Mashine ilikuwa imepima embe. Kwa hiyo mikono kwanza, maji na sabuni.

Na mwingine alikuwa na hadithi ya kinyume. Alinunua mashine ng'ambo ya Kasumbalesa, upande wa Zambia, ikamwonyesha 24. Akasema, tumshukuru Mungu, sukari iko chini kabisa, akampa mtoto chai ya sukari nyingi. Mashine ile ilikuwa inahesabu kwa kipimo kingine, milimoli, kinachotumika katika nchi nyingi. Zidisha kwa 18. Ishirini na nne inakuwa 432. Kabla ya kusoma nambari, someni yale maandishi madogo pembeni yake. Kikiandikwa mmol, tafuta mwanafunzi wa darasa la tano akufanyie hesabu.

Kuna kipimo kingine cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi 2 au 3 iliyopita. Ni kizuri, lakini kwa mtoto mwenye SS, ugonjwa wa selimundu, kinadanganya, na kwetu SS ni wengi. Mwambieni daktari mapema. Jambo la mwisho juu ya vipimo: akionekana na sukari, msimpe vidonge vya nyanya yake. Wala msimdunge insulini ya babu ya nyumba ya pili. Naogopa hata kuwasimulia.

Sasa hofu nyingine, ile isiyopimwa kwa kijiti. Mzazi akisikia sukari anaona kaburi. Si mjinga. Kabla ya 1922 mtoto mwenye ugonjwa huu hakupona popote duniani, Ulaya wala Marekani. Madaktari wakubwa walikuwa wanawanyima chakula ili kuwaongezea miezi, na watoto wakawa wanakufa kwa njaa polepole badala ya kufa kwa sukari haraka. Kisha pale Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best wakapata insulini kutoka kongosho za mbwa mwaka 1921. Januari 11, 1922, mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akadungwa sindano. Alikuwa na kilo 29 hivi. Na haikufanya kazi vizuri! Dawa ilikuwa chafu, mahali pa sindano pakaota jipu. Mwenzao James Collip akakaa siku 12 akiisafisha, Januari 23 wakarudia, na safari hii sukari ikashuka. Leonard aliishi miaka 13 zaidi. Haki ya dawa hiyo wakaiuzia chuo kikuu chao kwa dola moja kila mtu. Dola moja! Bei tunayolipia insulini mahali pengine leo, sijui wangesema nini wangeiona.

Kwa hiyo ninyi wawili, au leo labda mko watatu: mtoto wenu akipatikana na sukari, anapatikana akiwa na dawa. Hofu iliyobaki ni ya kuchelewa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi hapa Katuba hatuyafichi maradhi, tunayapa jina lisilo lake. Tunasema malaria. Tunasema tifoide. Tunasema minyoo. Mtoto akikonda sana tunasema shangazi fulani hampendi, au, Mungu atusamehe, tunasema mtoto mwenyewe ni ndoki, mchawi. Nimepokea mtoto aliyefungiwa siku tatu za kufunga na kuombewa bila maji, naye ni mtoto anayemwaga maji kama bomba lililopasuka. Pasta aliyemleta alikuwa analia kuliko sisi. Sitawaambia msiombe. Mimi ni mkatoliki, mke wangu anaongoza rozari. Ombeni kwenye taksi, njiani kuelekea lopitali.

Na kuna mtego mmoja ambao nataka mashemasi na wachungaji waliokaa pale pembeni wausikie. Mtoto akishaanza insulini, baada ya wiki chache kongosho lililobaki linaweza kupumzika na kuamka kidogo. Dozi inashuka, inashuka, siku nyingine karibu haihitajiki. Waganga tunakiita kipindi cha fungate. Na fungate mnaijua, haidumu. Lakini familia inasema amepona, anapandishwa mbele ya kanisa kutoa ushuhuda, sindano zinatupwa. Wiki au miezi baadaye anarudi kwetu na ile pumzi. Ushuhuda utoeni, Mungu anastahili. Sindano msitupe. Insulini haiachwi, hata siku mtoto hali kitu kwa sababu ya homa. Dozi inaweza kubadilishwa na daktari, lakini kuiacha kabisa hapana.

Wengi mnaniuliza maisha yenyewe yanakuwaje nyumbani. Yanakuwa maisha. Bukari anakula, sombe anakula, samaki, maharagwe, lengalenga. Kwetu mke wangu ana kikombe kimoja cha bluu cha plastiki. Bukari wa binti unapimwa kwa kikombe hicho, tangu wakati ule hadi leo, ili dozi ijue inakutana na nini. Sindano mara kadhaa kwa siku, tumboni au pajani, kwa sindano nyembamba kuliko ile ya chanjo. Insulini ya kunywa hakuna, tumbo lingeimeng'enya kama nyama.

Shida yetu kubwa ilikuwa Oktoba. Mnaijua Oktoba ya Lubumbashi, bati linalia lenyewe. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka baridi ya digrii 2 hadi 8, nayo friji yetu ilikuwa kabati kwa jinsi umeme ulivyokuwa unakatwa. Nikarudi kwa mama mkwe, safari hii sikucheka. Alitutengenezea chungu ndani ya chungu. Kikubwa nje, kidogo ndani, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi, mahali pa kivuli penye upepo. Chupa iko ndani ya kopo kavu lenye kifuniko. Maji yakikauka kupitia udongo yanachukua joto. Hakifikii friji, lakini chupa iliyofunguliwa, ambayo inakaa mwezi mmoja hivi nje ya friji mradi isipate joto kali, kinaitosha. Wenye friji nzuri nao wana makosa yao: wanaisukuma chupa nyuma kwenye barafu. Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri.

Na sasa walimu, kwa kuwa mtoto yuko kwenu nusu ya siku. Mtoto wa insulini adui yake wa darasani ni sukari kushuka. Chini ya 70. Anatetemeka, jasho linamtoka na hakuna joto, anakuwa mkali ghafla, au anaweka kichwa juu ya dawati. Mwalimu mmoja, si wa shule hii, alimpiga binti yangu rula kwa kulala darasani. Vipande 3 au 4 vya sukari kwa mtoto mkubwa, au sukre nusu chupa, msubiri dakika 15, akiwa bado hivyo rudia, kisha mkate. Hapo ndipo sukre inapokuwa dawa. Akiwa hana fahamu usimwagie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, mkimbizeni. Wekeni sukari ya vipande kwenye droo ya meza, na msiile na chai.

Kwa hao ambao bado hawajajulikana, mwalimu ndiye anayeona kabla yetu. Mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda msalani mara 4 kabla ya mapumziko, usimwambie mtukutu. Pale Parma, Italia, katika miaka ya 1990 walibandika bango mashuleni juu ya kiu, mkojo na mtoto anayeanza tena kulowesha kitanda, na madaktari wa watoto wakapewa vifaa vya kupimia. Kabla ya hapo, watoto 78 kwa kila 100 waliokuwa wapya katika ugonjwa huu walifika wakiwa tayari na asidi katika damu. Katika miaka ya bango, asilimia 12 na nusu. Bango! Karatasi na gundi. Mwalimu wa kuchora yuko wapi? Inua mkono, Papa. Nakupa kazi. Mchore mtoto, bidoni na shuka juu ya kamba. Na sisimizi usiwasahau, kwa heshima ya mama mkwe wangu.

Maswali nitayachukua, lakini tukiwa tunafanya kazi. Hapa mezani nina mashine na vijiti 50, na kopo lake linafungwa kila mara, unyevu unaharibu vijiti. Beseni la maji na sabuni liko pale. Binti yangu njoo, wewe utatoboa, mkono wako ni mwepesi kuliko wangu. Tunatoboa ubavuni mwa kidole, si katikati, ubavuni panauma kidogo. Wenye watoto walio na dalili nilizozitaja, waleteni leo kabla sijafunga mkoba. Wale wawili wangu, mkitaka, njooni wa mwisho watu wakishatawanyika, nitakuwa bado nafungafunga vitu vyangu taratibu.

Nani wa kwanza? Mkuu, wewe ndiye uliyeniita. Vua saa. Osha mikono kwanza, nimekuona umekula embe.